Saa ya kupanda meli: mbona mimi nilipewa saa nane na nusu na mdogo wangu saa tano?

Mama wa Bagira, Louisville

Jambo yenu wote. Naandika nikiwa bado na uchungu, mtanivumilia barua ikiwa ndefu.

Watoto wangu na wa mdogo wangu walichanga pesa mwaka mzima ili sisi wawili twende siku tano baharini toka Galveston. Mara ya mwisho tulipanda chombo cha maji pamoja ilikuwa Beach Muhanzi, Bukavu, tukienda Goma, kabla hatujakimbia. Tulilipiwa siku moja, kadi moja ya benki, kabini zinafuatana. Lakini karatasi ya kupanda ya mdogo wangu ilitoka na saa tano asubuhi, yangu saa nane na nusu mchana. Meli inaondoka saa kumi.

Tulifika bandarini pamoja saa tano kasorobo. Kijana wa mlangoni akasoma karatasi, akamwambia mdogo wangu apite, mimi nirudi saa yangu ikifika. Hakuna kiti. Jua la Texas kichwani. Dawa zangu za presha zilikuwa kwenye sanduku ambalo wabeba mizigo walishalichukua. Saa nane na nusu nikafika kaunta, wakaangalia kitabu changu (ile I-571, hati ya safari ya mkimbizi, sina paspoti ya Kongo tangu 2012) pamoja na grinikadi, wakamwita mkubwa wao, mkubwa akapiga simu. Nilipanda zikiwa zimebaki dakika chache wafunge. Mdogo wangu nilimkuta ndani amesimama analia, alidhani nimerudishwa.

Maswali yangu ni mawili. Nani anapanga hizi saa, na anaangalia nini? La pili ndilo linaninyima usingizi: kwenye programu ya kampuni ya meli, pale pa kuandika namba ya paspoti, I-571 inaandikwaje? Ilinikatalia mara sita. Na Desemba watoto wanataka twende tena.

Kijana wa Ndosho, Portland

Pole sana mama. Kabla ya kuja Maine nilifanya kazi Florida, kwenye jengo la abiria Port Everglades, kwa hiyo swali la kwanza nalijua.

Siku ya kulipa haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni siku ya kujiandikisha kwenye intaneti. Siku hiyo ikifunguka saa zote ziko wazi, na kila saa ina idadi yake ya watu. Anayemaliza kwanza kuweka picha ya uso, hati ya safari, kadi ya benki na jina la mtu wa kupigiwa simu kukiwa na shida, huyo anachagua. Saa ikijaa inafungwa, anayekuja nyuma anapewa makombo. Kampuni ya Royal Caribbean wanafungua siku 45 kabla ya safari. Disney, mtu wa mara ya kwanza anafunguliwa siku 30, aliye kwenye vyumba vyao vya bei ya juu siku 40. Na wenye vyumba vikubwa, pamoja na wateja wa miaka mingi, mara nyingi wana mstari wao wa pembeni, hawasumbuki na jua kama ulivyosumbuka.

Watu wanadhani ni ukali tu. Mama, ile meli asubuhi haiko tupu. Inafika alfajiri na watu wa safari iliyopita. Chukua Icon of the Seas, ile iliyoanza kazi Miami Januari 2024: ikijaa inabeba abiria 7,600. Hao wote washuke na masanduku yao, wapite forodha, vyumba vitandikwe, mafuta na chakula vipakiwe, kisha wengine wengi hivyo hivyo wapande, yote siku moja. Upande wa pili kuna CBP, watu wa forodha na mipaka wa Marekani: orodha kamili ya walio ndani lazima wawe nayo dakika 60 kabla ya meli kuondoka. Ndiyo maana mlango unafungwa saa moja au moja na nusu kabla. Ukitoa asubuhi, ukitoa na mwisho, zinabaki kama saa nne hivi. Zamani watu walikuja wakati wowote wakajazana. Wakati wa korona, meli ziliporudi kazini 2021, ndipo saa zilipokazwa, na hazikulegezwa tena.

Naona kwako programu ilikataa hati, fomu haikuisha, na mdogo wako amekwisha chagua. Yeye ana paspoti ya Marekani?

Mzee wa Katuba, Houston

Jambo bana Kivu. Kijana, usifundishe watu kwamba ni hivyo kila mahali. Miye Galveston nimepandia mara tatu. Karatasi ilisema saa saba, tulifika saa tano, hakuna aliyetusimamisha, tukapita. Mama alikutana na mtu mubaya, basi. Angesimama pale pale na mdogo wake wangewaachia.

Tena hizi saa si za kuogopa. Sisi watu wa Lubumbashi tumelelewa na treni. Nilikuwa mtoto, tukienda Kalemie kwa bibi, mama alikuwa anafunga bukari na samaki kavu ya siku tatu, na tulikuwa tunalala kwenye kituo kwa sababu hakuna aliyejua itaondoka leo ao kesho. Ikilia filimbi kila mtu anakimbia. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya saa.

Kijana wa Ndosho, Portland

Mzee, kwa heshima. Sikusema kila mlango una mtu mkali. Nilisema saa zinagawanywaje, na hilo halibadiliki kwa sababu wewe ulipita. Siku ambayo meli iliyotangulia imechelewa kuteremsha watu, au ukungu umefunga mdomo wa bandari pale Galveston, mtu anayekuja saa mbili kabla anarudishwa, na ni haki arudishwe, kwa sababu kiti anachokalia ni cha mwenye saa hiyo. Tusimshauri mama aende kugombana mlangoni na I-571 mkononi. Wewe una paspoti ya bluu ya Marekani, ukibishana unarudi nyumbani kulala. Yeye je?

Dada wa Kadutu, Des Moines

Mama wa Bagira, shikamoo na pole. Dawa usiziweke tena kwenye sanduku. Wakishalichukua hulioni mpaka jioni mlangoni pa kabini. Dawa, karatasi, grinikadi, nguo moja ya kubadili, vyote mkononi.

Na mimi nina kisa cha hizi saa. Mama mkwe wangu tulimpeleka Miami mwaka juzi. Karatasi yake iliandikwa 2:30. Yeye anasoma namba vizuri, alifundisha shule ya msingi Kadutu miaka ishirini na kitu. Akasoma: saa mbili na nusu. Kwake saa mbili na nusu ni asubuhi, jua limetoka, watoto wako darasani. Sisi tulikuwa hoteli nyingine na watoto. Akaamka gizani, akaoga, akamwamsha shemeji, wakachukua teksi, saa mbili wako mbele ya meli ambayo watu bado wanashuka. Nilipompigia saa nne akaniambia, “Mwanangu, nimefika mapema ili nisiwaaibishe.” Alikaa juu ya sanduku lake zaidi ya saa sita. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu kosa lilikuwa langu: nilimpa karatasi bila kumwambia. Tafadhali, wazee wenu waandikieni saa ya kwetu kwa kalamu, kubwa, pembeni: SAA NANE NA NUSU MCHANA.

Kwa I-571 sina msaada, N-400 yangu, ombi la uraia, ilipita 2019.

Baba wa Himbi, Montréal

Mnazungumza saa, wakati shida ni hati. Hati ya mkimbizi inaishi mwaka mmoja tu, na fomu I-131 ya kuomba nyingine inalala kwa watu wa uhamiaji wa Marekani miezi na miezi. Mama, angalia tarehe kabla ya Desemba. Tena kila kisiwa ambako meli inasimama kina sheria yake juu ya hati hiyo. Kampuni ikikupakia halafu kisiwa kikakataa, ni kampuni inayosumbuliwa. Ndiyo maana mkubwa alipiga simu. Halafu tangu Wamarekani waweke Kongo kwenye orodha yao ya kuzuia watu, kila mtu kaunta akisoma neno Kongo anaogopa.

Dada wa Kadutu, Des Moines

Baba wa Himbi, hapo hapana. Nchi iliyowekwa kwenye tangazo la Juni 2025 ni Kongo-Brazzaville. Sisi wa Kongo ya Kinshasa hatukuwemo. Shangazi yangu alilia wiki nzima kwa habari hiyo hiyo iliyosambazwa kwenye simu. Tafadhali tuwe waangalifu na tunachoandikia wazee.

Baba wa Himbi, Montréal

Najua tofauti ya Kongo mbili, dada, nimezaliwa kwa moja yao. Nilisema mtu wa kaunta haijui tofauti hiyo. Mimi mwenyewe nimeulizwa mara mbili, “Kongo gani?”, na nikijibu wanaandika ya kwanza waliyoiona kwenye kompyuta.

Na tuseme ukweli wote. Kwa nini mama hana paspoti ya nchi yake? Kwa sababu yeye ni mkimbizi, sawa, si rahisi kuiomba hata angetaka. Lakini hata asiye mkimbizi: miaka ile ilikuwa dola 185, kisha wakashusha 99, kwa mtu anayeuza makala Birere! Halafu Goma ikachukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Mama yangu yuko Himbi, miaka 81. Pesa ninayomtumia mtu anavuka mpaka mpaka Gisenyi, Rwanda, kwenda kuichukua. Mnaniambia habari ya kuchagua saa ya kupanda meli. Mama yangu hawezi kuchagua siku ya kwenda kwa daktari.

Mama wa Bagira, Louisville

Baba wa Himbi, Mungu amlinde mama yako. Wangu alibaki Bagira, naye hajatoka. Usidhani nilikwenda baharini kwa sababu nimesahau.

Nitakwambia nilichofikiria nikisimama pale juani. Nilifikiria kanoti ya mbio, boti ya kwenda Goma. Saa kumi na mbili asubuhi tunashuka bandarini, baridi ya ziwa, mama anauza mandazi na chai ya tangawizi. Mwenye kufika kwanza anakaa dirishani upande wa kisiwa cha Idjwi. Hakuna saa ya mtu mmoja mmoja. Kila mtu anampisha mwenye mtoto mgongoni. Nilitamani sana hapo Galveston mtu aseme, “Huyu mama ana nywele nyeupe, apite na mdogo wake.”

Lakini namsikia kijana wa Ndosho. Tarehe 3 Oktoba 2024, ile boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama toka pwani. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, watu wote wa Minova wakapita majini, na chombo kilijaa kupita kiasi. Binamu yangu alikuwa ndani. Mpaka leo hatujui walikuwa wangapi, kwa sababu majina yaliyoandikwa hayakulingana na watu waliokuwemo. Kwa hiyo orodha ile ya dakika 60, na kuhesabiwa mtu mmoja mmoja, sasa siwezi kuisema vibaya. Wangehesabu hivyo Minova, pengine tungekuwa naye.

Kijana, ndiyo, mdogo wangu ana paspoti ya Marekani. Nauliza tena: je, tukiunganisha namba zetu mbili za safari, nitapewa saa yake?

Kijana wa Ndosho, Portland

Pole kwa binamu, mama. Kwetu Ndosho pia kuna nyumba mbili zilizofiwa.

Kuunganisha namba kunasaidia meza ya chakula. Saa inafuata kabini, kila kabini inajiandikisha yenyewe. Njia nzuri ni hii: siku ile inapofunguka, kaeni wawili mbele ya kompyuta moja, anzeni na yako kwanza, siyo ya mdogo wako. Ukishapata saa ndipo yeye achague hiyo hiyo. Ukikosa, yeye achukue ya nyuma pamoja nawe. Kumtoa mwenye saa tano akusubiri nje ni rahisi kuliko kukuingiza wewe mapema.

Mzee wa Katuba, Houston

Hapo kijana amesema vizuri, nakubali. Pole mama, sikujua habari ya Merdi ilikugusa hivyo.

Ukija tena Galveston, pitia Houston siku moja kabla, ulale kwetu. Mke wangu atakupikia sombe na zile ndagala ndogo, ninyi mnaita sambaza. Ni samaki moja.

Dada wa Kadutu, Des Moines

Mzee, ndagala ni jina la samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, na wako aina mbili. Sambaza ni aina moja tu kati yao, waliletwa Kivu toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Na wa Kivu wana utamu wao, usiniambie.

Mzee wa Katuba, Houston

Basi wametoka kwetu! Kalemie ni Tanganyika.

Mama wa Bagira, Louisville

Aksanti mzee, nitalala kwenu, na nitaleta unga wa muhogo. Mwanangu amehesabu, kujiandikisha kwa Desemba kunafunguka baada ya majuma matatu. Nitakaa na mdogo wangu kama kijana alivyosema, yangu kwanza.

Lakini ile namba ya I-571, naiandika kwenye nafasi ya paspoti pamoja na herufi zake, ao bila herufi? Na pale wanapouliza nchi iliyotoa hati, naandika Marekani ao Kongo?

Baba wa Himbi, Montréal

Mama, kuna anayejua kama mpaka wa Ruzizi, kati ya Bukavu na Rwanda, leo umefunguliwa mpaka saa ngapi? Dada yangu yuko Kamembe, upande wa Rwanda, na watoto wawili.