Binti alipata A ya Hisabati la saba, kidato cha kwanza kaleta 22. Nianzie wapi?

MamaMawese_Kgm
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanga hapa Kigoma mjini, nauza mawese sokoni. Binti yangu alimaliza la saba na A ya Hisabati, mtaa mzima ukajua. Sasa yuko kidato cha kwanza shule ya kata, na mtihani wa muhula kaleta 22 kwa 100. Si mvivu, usiku wote tumelala yeye bado ana daftari. Nikimuuliza ananiambia "mama, haziingii tu". Mimi niliishia la saba, nikifungua daftari lake naona x na y zimejaa. Jirani anasema tuisheni. Mwingine anasema nimwache, hesabu ni kipaji, atachukua masomo ya sanaa. Walimu na mliopitia, mtoto wa umri huu anatakiwa ajue nini hasa, na mimi nisiyejua nimsaidieje? Natanguliza shukrani.

KijanaWaGungu
Mama shikamoo. Habari ya kumwacha iondoe kabisa. Hisabati ni lazima mpaka kidato cha nne, awe sanaa au sayansi. Na kabla ya hapo kuna upimaji wa kidato cha pili unamsubiri.

Mwl_Kasulu
Pole mama, umeuliza mapema na hilo ni jambo jema. Nafundisha Hisabati sekondari huku Kasulu na watoto wa namna hii nawapokea kila Januari. Mtihani wa la saba sehemu kubwa ni kuchagua jibu. Mtoto mwepesi anajaribisha A, B, C mpaka moja inakubali. Sekondari hakuna cha kuchagua, anatakiwa aonyeshe njia, na maksi ziko humo kwenye njia. Juu ya hapo maswali yote yanakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto anayejua mzingo na eneo vizuri kabisa anaweza kuliacha swali la mzingo tupu.

Mada zenyewe wala si ngeni sana: sehemu, desimali, asilimia, vipimo, makadirio, jometri, uwiano, faida na hasara, mzingo na eneo. Nyingi kazigusa msingi. Kipya kikubwa ni aljebra, yaani zile x na y ulizoziona, na aljebra inasimama juu ya sehemu na namba hasi. Hivyo viwili vikilegea, kila mada inayofuata itamwangusha.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya tuisheni, mpe karatasi moja yenye maswali matatu:
1/2 + 1/3
−7 + 3
3(x − 4) = 2x + 5

Asifute kitu. La kwanza jibu ni 5/6, la pili ni −4. La tatu ndilo linalonipa picha ya mtoto. Wengi wanazidisha 3 kwa x tu, ile 4 wanaiacha, wanaandika 3x − 4 = 2x + 5 na kupata 9. Jibu ni 17. Ukirudisha 17 kushoto unapata 3 × 13, yaani 39, na kulia 34 + 5, nayo 39. Huku kurudisha jibu kwenye swali mwambie afanye kila mara. Hata wewe utaweza kumkagua bila kujua aljebra.

Mvuvi_Kibirizi
Mwalimu kasema kweli kuhusu namba hasi. Wangu nilimwelewesha kwa ziwa letu. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na pale penye kina kirefu kabisa maji yanashuka mita 1,470. Sasa sakafu ya ziwa iko wapi ukipima kutoka usawa wa bahari? 770 − 1,470 = −700. Yaani karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mtoto alishangaa, na tangu hapo alama ya kutoa haimtishi.

DadaUjiji
Mama, kwenye faida na hasara mwalimu ni wewe. Tuseme dumu la lita 20 umenunua 60,000 na umeuza 75,000. Muulize faida ni asilimia ngapi. Akisema 20 amegawa kwa bei ya kuuzia. Inagawiwa kwa bei ya kununulia, 15,000 kwa 60,000, ni asilimia 25. Fanya naye hesabu za dukani kila jioni, ila aziandike.

FundiBuzebazeba
Na anunuliwe mkebe kamili, wenye bikari na kipimapembe kinachosomeka. Kidato cha pili atakutana na Pythagoras, kanuni ya pande za pembetatu yenye kona ya nyuzi 90. Sisi mafundi tunaitumia kila siku: unapima 60 upande huu, 80 upande ule, na mshazari ukitoa 100 kona ya msingi iko skwea.

MamaMawese_Kgm
Mungu awabariki wote. Nimempa karatasi leo. −7 + 3 kapata. Ile ya x kaandika 9, kama mwalimu alivyosema. Ila ya kwanza kaandika 2/5! Mwalimu, nishike lipi kwanza? Na tuisheni niache?

Mwl_Kasulu
Shika sehemu. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, maana yake KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) haimo kichwani. Mkatie chapati mbili sawasawa, moja vipande viwili, nyingine vitatu, achukue kimoja kimoja halafu aone kama vikiungana vinapungua nusu. 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, atajionea mwenyewe. Kisha akatafute KDS ya 2 na 3. Wiki hii sehemu tu, kujumlisha na kutoa, maswali machache kila siku na kila hatua iandikwe. Mabano wiki ijayo, nayo aanze na MAGAZIJUTO aliyoisoma msingi (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa). Tuisheni ya darasa la watoto 80 haitagundua hii 2/5. Kama una hela ya kutoa, tafuta mwalimu atakayekaa na watoto wanne watano, na umpelekee karatasi hiyo hiyo.