Taa za kingo za njia ya ndege: halojeni kwenda LED

Swali: Assalaam alaykum mafundi. Uwanja wa ndege kama wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, haufungwi muda mrefu. Tukitia LED, regyuleta (kifaa kinachoshikilia mkondo wa taa usibadilike) na transfoma za zamani zibaki?

Jibu: Waalaykum salaam. Regyuleta ya ampea 6.6 yaweza kubaki, ila mzigo ukishuka sana mkondo huyumba, badilisha tepu (viungio vya regyuleta vya kuchagua kiwango cha mzigo). Transfoma ziendane na taa mpya. Usichanganye halojeni na LED kwenye mstari mmoja, mwanga hautolingana.

Jibu: Mie naona mnakimbilia taa, waya je? Kwa chumvi ya kisiwani, plagi za transfoma ndizo huoza mwanzo, khasa mashimo zinamokaa yakijaa maji ya masika. Zima regyuleta, itenganishe na sakiti, ndipo upime kwa mega (kifaa cha kupima kama waya unavujisha umeme). Ukipata chini ya megaohmu 1, usifunge taa hata moja: kata sakiti katikati, pima kila nusu, endelea kugawa mpaka kiungio kibovu kijulikane. Na usichomoe plagi ya upande wa msingi (unaotoka kwenye regyuleta) ikiwa na umeme; volti hupanda maelfu, huua.

Swali: Ahsante sheikh. Usiku mmoja watosha?

Jibu: Njia ya mita 3,000, taa kila mita 60, ni 51 kila upande. Safisheni plagi na mashimo usiku wa kabla, ili usiku wa kazi mfunge taa tu.