Tupeane uzoefu: ukucha wa mguu kuota ndani ya nyama

Mwanzisha mada, Moshi
Habari zenu, ndugu. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Mwaka jana tulishuka kwa njia ya Mweka nikiwa na mabuti ya mtumba yaliyonibana, vidole vikigonga mbele kutwa nzima, na siku chache baadaye pembe ya ukucha wa kidole gumba ikazama nyamani. Nikaichimba kwa wembe, na hapo ndipo nilipokosea: nilipata nafuu ya wiki moja, kisha kipande kilichobaki, kikiwa kimechongoka kama mwiba, kikazidi kukua na kuchoma, hadi usaha ukatoka na nyama nyekundu ikaota pembeni. Mara mbili nilinunua vidonge duka la dawa, na kila vilipoisha maumivu yalirudi, kwa kuwa mwiba wenyewe ulikuwa ungali umo. Mwishowe daktari alinichoma sindano ya ganzi, akaondoa ukanda mwembamba wa ukucha hadi kwenye mzizi, akapaka fenoli, kemikali inayounguza mzizi, ili upande ule usiote tena. Aliyepitia haya naomba aeleze.

Mchangiaji, Arusha
Pole sana, kaka. Binti yangu alikatwa pembe za kucha kwa mviringo na mpaka rangi za kucha anayepita mitaani na kikapu. Kwa kuwa hapakuwa na usaha, muuguzi alituelekeza kuloweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku, kisha kuinua ukingo wa ukucha taratibu na kuweka chini yake pamba safi kidogo, inayobadilishwa kila siku. Alivaa ndala, akapona. Sasa tunakata ukucha kwa mstari ulionyooka, wala hatuufupishi mno.

Mchangiaji, Moshi
Mwenye kisukari nawasihi asijaribu lolote nyumbani. Mama yangu hakusikia maumivu kabisa, maana miguu yake imepoteza hisia. Tulishtushwa na doa la usaha kwenye soksi.

Mchangiaji, Arusha
Kaka mpagazi, baada ya kukatwa ukucha ulikaa muda gani hadi kupona?

Mwanzisha mada, Moshi
Dada, kidonda kilitoa majimaji kwa takribani wiki nne, nami nilikiosha na kukifunga upya kila siku. Nimekwisharudi mlimani, kwa mabuti yenye nafasi mbele ya vidole, na kabla ya kuanza kushuka hukaza kamba kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Mama wa mwenzetu anaendeleaje?