Acheni kumwita Al Capone mjasiriamali aliyeanza na sifuri

Ndugu wanajamvi,

Nimechoka kusoma mafunzo ya biashara yanayomtaja Al Capone, bosi wa genge la wahalifu wa Marekani miaka ya 1920, kuwa kijana maskini wa Brooklyn, New York, aliyepanda kwa akili na bidii yake mwenyewe. Sifuri gani hiyo? Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 26, aliachiwa genge zima la Chicago na bosi wake, Johnny Torrio, ambaye alikuwa amenusurika kufa kwa risasi mwezi Januari. Torrio naye alishika usukani baada ya bosi wake, Jim Colosimo, kuuawa ndani ya mkahawa wake Mei 1920, miezi minne tu tangu Marekani ipige marufuku pombe. Watu waliendelea kunywa, na kwa kuwa wenye viwanda halali walikuwa wamefungiwa, faida yote ikawaangukia waliokuwa tayari kuhonga polisi na kuua washindani.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi mnavyouruka mji wa Cicero. Meya William Dever alipoanza kuwabana wauza pombe Chicago, genge lilihamia mji huo jirani, na siku ya uchaguzi, tarehe 1 Aprili 1924, watu wenye bunduki walizunguka vituoni wakiwatisha wapiga kura, wakiwapiga na kuwateka makarani wa uchaguzi, hadi ikabidi polisi waliovaa kiraia watumwe kutoka Chicago. Frank, kaka yake Capone, aliuawa na polisi hao jioni ile. Hata hivyo, wagombea waliotakiwa na genge walishinda. Mwananchi aliyefukuzwa kituoni kwa bastola mbona hamumtaji hata kwa sentensi moja? Na Robert St. John, mhariri wa gazeti la hapo aliyeandika habari za genge hilo na kupigwa vibaya mtaani mwaka 1925, yeye hakuwa na bidii?

Msiniletee tena habari za supu ya bure ambayo Capone aliwagawia wasio na kazi mwaka 1930. Mwaka mmoja kabla ya supu hiyo, wanaume saba walisimamishwa ukutani katika gereji ya mtaa wa North Clark, Chicago, na kumiminiwa risasi, mauaji yanayohusishwa na genge lake, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa ajili yao. Capone mwenyewe alifungwa mwaka 1931 kwa kukwepa kodi ya mapato.

Atakayeleta tena uzi wa kumsifu, aanze kwa kutueleza siku ile ya Aprili kule Cicero.