Yule dada wa dirisha la pili kawekwa pale na nani?

Wakuu, naandika nikiwa kwenye bajaji, mikono inatetemeka. Yule dada wa dirisha la pili pale hospitali. Mnamjua. Aliyewahi kupanga foleni pale hawezi kumsahau.

Nilienda kuanza vipimo vya usonji (autism). Ndiyo, nina miaka 34. Nikapewa dodoso la maswali 50, Kiingereza kitupu, kila swali uchague: nakubali kabisa, nakubali kidogo, sikubali kidogo, sikubali kabisa. Maktaba au sherehe? Nimekwama hapo nusu saa, maana inategemea sherehe ya nani na mchango wanadai kiasi gani. Jingine, jumba la maigizo au makumbusho. Dodoma hii!

Swali la 6: huwa unaziona namba za magari? Nikaweka "kabisa". Narudisha fomu, badala ya kuitia kwenye faili akaisoma. KWA SAUTI. "Namba za magari, kabisa! We kaka ni trafiki?"

Benchi zima kicheko. Mlinzi kacheka. Mama mmoja kacheka mpaka mtoto mgongoni kaamka. Nina hakika Kizota machinjioni ng'ombe walisikia.

Trafiki! Mji huu nani haangalii namba? STK na STL za serikali, DFP za miradi ya wafadhili, ukivuka barabara bila kusoma namba umejitakia. Na swali la 5 linauliza kama nasikia vijisauti wasivyosikia wengine. Bigijii yake niliisikia tangu getini! Hiyo mbona hakuisoma?

Trafiki, jamani.

Zabibu Chungu: Lakini mkuu, we ni trafiki?

Mzee wa Nkuhungu: Usonji si wa watoto? Enzi zetu mtu kama wewe tulimwita mpole, maisha yanaendelea.

Binti Kondoa: Mzee, mtoto mwenye usonji akikua unadhani unabaki shuleni? Mleta uzi, dodoso hilo lilitoka Cambridge mwaka 2001. Linachuja tu, halikupi jibu. Lipo fupi la maswali 10, ukipata 6 au zaidi unashauriwa tathmini kamili. Siku hiyo nenda na mtu aliyekuona ukiwa mdogo, wataulizia utoto wako.

Mleta uzi: Mama yuko Mpwapwa, nikimwambia atasema nimerogwa. Turudi kwa TRAFIKI.

Konda Mstaafu: Afadhali wewe. Mimi nilipeleka kikopo cha mkojo, akakinyanyua juu watu wote waone: "Baba, ndiyo huu tu?"

Zabibu Chungu: 😂😂 Konda umeua uzi. Ulikuwa kiasi gani?

Konda Mstaafu: Nilikuwa nimetoka haja muda si mrefu bwana, tusidhalilishane.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni TRAFIKI.

Mchuuzi Sabasaba: Achaneni na mikojo. Jana jioni STL imenirushia tope Nzuguni, suruali ya kwendea harusini hii! Dereva hata kugeuka hakugeuka.

Mleta uzi: Nyeupe? Bampa ya nyuma imefungwa kamba?

Mchuuzi Sabasaba: HIYO HIYO.

Mleta uzi: Njoo PM, namba ninayo.

Zabibu Chungu: Kumbe dada wa dirishani hakukosea.

Konda Mstaafu: Mkimaliza STL tuhamie DFP, kuna moja Ipagala inaegeshwa mlangoni kwangu kila Jumapili, mbuzi wanashindwa kutoka.