Kepta duona yangu inakunywa mafuta: naomba ushauri

Mgeni wa Kaunas: Ndugu wanajukwaa, huu ni mwaka wangu wa pili Lithuania, na chakula kilichoniteka ni kepta duona, yaani vijiti vya mkate mweusi wa rai vilivyokaangwa na kupakwa kitunguu saumu, ambavyo wenyeji hupenda kutafuna pamoja na bia huku wakivichovya katika mchuzi mzito wa jibini na mayonezi. Nimevijaribu nyumbani mara tatu. Mara mbili za kwanza mkate ulikunywa mafuta hata nikiubana kwa vidole yanachuruzika. Mara ya tatu nilitia saumu iliyopondwa ndani ya mafuta ili harufu ikolee, ikaungua na kuacha uchungu. Nakosea wapi?

Mama Kikaango: Pole, mwanangu. Huo mkate uliununua lini?

Mgeni wa Kaunas: Asubuhi ile ile, Mama. Ulikuwa laini kabisa.

Mama Kikaango: Basi ndipo ulipoanzia kukosea. Mkate wa kukaanga uwe umelala siku moja au mbili, kwa kuwa ule mbichi una maji mengi, na maji hayo yakitoka kikaangoni mafuta huingia kuchukua nafasi yake. Ukate vijiti vyenye unene wa kidole, kisha udondoshe chembe ya mkate kwenye mafuta: isipotoa mapovu papo hapo, subiri. Kaanga vichache vichache, maana ukivijaza vyote kwa pamoja mafuta yanapoa. Saumu isiingie kikaangoni kamwe. Kata punje katikati, uisugue juu ya kijiti kingali cha moto, na utaona ukoko mkavu unavyoikuna kama mbuzi ikunavyo nazi. Chumvi inyunyizwe hapo hapo.

Msafiri wa Vilnius: Naungana na Mama, ila niongeze kwamba si kila mkate mweusi unafaa. Tafuta ule mzito, uliochachushwa kwa raugas, ambayo ni chachu ya unga wa rai. Wenye kisibiti, wanachokiita kmynai, ndio niupendao zaidi. Ile milaini yenye sukari nyingi huwahi kuungua. Kuhusu mchuzi, wengi huumwaga juu ya vijiti, jambo ambalo kwangu ni kuharibu kazi yote ya kukausha. Uweke kando kwenye bakuli.

Mgeni wa Kaunas: Nimerudi na majibu. Nimetumia mkate wa siku mbili, nikakaanga vijiti sita sita na kuvichuja juu ya karatasi ya jikoni, na safari hii vimevunjika kwa mlio. Saumu niliisugua kwa pupa kiasi kwamba mwenzangu wa chumba amefungua dirisha, na nje kuna theluji.

Mama Kikaango: Punje moja hutosha vijiti vinne au vitano, mwanangu. Mwombe radhi, umkaangie na vyake.