Nataka kupeleka kitu nasari kwa kumbukumbu ya mtoto wangu, nianzie wapi?

mama_umoja2
Hamjambo wapendwa. Mwaka jana nilijifungua msichana wiki ya 29, akakaa nasari, ile wodi ya watoto wachanga, siku 11 halafu akatuacha. Tarehe 17 Novemba ni siku ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati duniani kote na nataka siku hiyo nipeleke kitu kwa ile wodi, kwa jina lake. Chama chetu wako tayari, kanisani pia, kazini wamesema watachanga. Nilikuwa nawaza tununue inkubeta moja juu pale nilikuwa naona watoto wawili wamelazwa pamoja. Sasa mama mkwe anasema niache kufukua mambo, eti nikipata mwingine nitasahau. Mimi sitaki kusahau. Kando ya mtoto wangu kulikuwa na ile chupa ya maji ya mashine ya kupumua, inabubujika usiku kucha, na ikinyamaza kidogo tu naruka kuita sista. Mpaka leo maji yakichemka jikoni nasimama. Naomba ushauri, pesa tukusanye aje bila maneno kuanza, na inkubeta ni wazo zuri?

sista_wa_zamu
Pole sana mamangu. Nimefanya kazi nasari miaka kadhaa, hospitali sitaitaja. Usinunue kitu chochote kabla hujaongea na sista mkuu wa wodi na fundi wa mashine wa hospitali. Nimeona inkubeta ikiletwa na riboni na picha, baada ya miezi michache iko kwa korido imewekewa mafaili juu sababu sensa ya joto imekufa na spea haipatikani. Vinavyotuishia kila siku ni vidogo, mirija ya kulishia saizi ya hao wadogo kabisa, mirija ya oksijeni ya puani, kofia za sufu. Na viti jamani! Mama wa kangaruu anakaa na mtoto kifuani ngozi kwa ngozi masaa mengi, joto lake ndilo linamweka yule mtoto, lakini amekalia benchi ya mbao na mshono wa upasuaji haujapona. Viti vinne vya kuegemea vyenye kitambaa cha kupanguswa, hivyo hata stima ikipotea vinafanya kazi.

mweka_hazina254
Pole dada. Kwa pesa, usitumie namba yako ya simu hata kama watu wanakuamini. Tumieni paybill ya chama, au mfungue mchango kwa M-Changa, ule mtandao wa kuchangisha pesa, ila mjue wanakata kitu kidogo. Wawe watu watatu wa kuidhinisha. Kila jioni tuma jumla kwa grupu, hata siku ambayo imeingia mia mbili. Mkitaka kusimama stejini na kopo tafuteni kibali kwanza. Mkipeleka vitu viingie kwa stoo viandikwe, mpewe barua yenye muhuri, hiyo barua ndiyo mtawaonyesha waliochanga.

baba_pacha_kayole
Mama Umoja pole, nakuelewa kabisa. Sisi tulipoteza pacha mmoja 2021. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi nasema watatu, nimezoea macho yao. Kuhusu mkwe wako usimkasirikie, kina nyanya wengi walizika watoto wachanga kimya kimya wakaambiwa wasilie, pengine naye ana wake ambaye hajawahi kumtaja. Na kukumbuka mtu kwa hospitali si kufukua. Hospitali ya watoto ya Gertrude's pale Muthaiga ilianza 1947 kwa ardhi ambayo Ewart Grogan alitoa kwa kumbukumbu ya mkewe, na hadi leo watoto wanatibiwa pale na jina la huyo mama liko kwa geti. Kama mkwe anajua kufuma mpe kazi ya kofia. Yetu ya kwanza sista aliikata kwa soksi, na hata hiyo ilimfika puani.

mama_umoja2
Asanteni, nimesoma nikilia lakini si vibaya. Leo nimeenda wodini, nilisimama mlangoni kama dakika kumi ndio nikaingia. Sista mkuu amesema viti, hakufikiria hata mara mbili, na mirija ameniandikia saizi kwa karatasi. Paybill ya chama tunaanza Jumatatu. Mama mkwe nilimwambia juu ya kofia akanyamaza, nikajua nimekosea. Jioni amepiga simu akauliza sufu ninunue rangi gani, alafu akaniuliza yule wetu kichwa kilikuwa kikubwa aje. Nikamwambia kama chungwa. Akasema, basi nitaanza na hiyo saizi.